Sisi Sita

Mimi nimestaafu. Nina miaka ishirini na tisa, meno yangu yote ninayo na magoti hayaniumi, kwa hivyo asiniletee mtu kiti. Nimestaafu kwa sababu niliapa mbele za watu, na mimi nikiapa nimeapa. Hayo nitayafikia. Kwanza nataka niwaandikie nyinyi mlioingia yadi yetu ya kuuzia magari hapa Ukunda juzijuzi, mnaojua kuyapiga magari picha na hamjui kuyasikiliza.

Habari za cheo sitaeleza, maana sikuwa nacho. Miaka tisa niliitwa "wewe hebu njoo hapa". Mshahara nao ni siri baina yangu na tumbo langu.

Siku ya kwanza nilikuja kwa ugomvi. Mjomba wangu wa Bongwe alikuwa amenunua kipikapu kwa Fundi Bakari, kikawa chakohoa kila asubuhi. Mjomba ni mpole, hata kuku akimlia mchele yeye humpisha. Nikamwambia, "Nipe ufunguo." Nikakiendesha mpaka yadini, nikasimama katikati ya magari, nikaanza kusema. Nilisema muda mrefu. Fundi Bakari, ndiye mwenye yadi, alikuwa amekaa juu ya tairi anakunywa kahawa chungu. Hakunikatiza. Nilipoishiwa na pumzi akauliza, "Umemaliza, mwanangu?"

"Bado, napumzika."

"Shikamoo hujatoa."

Hapo nikanywea. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nambie, chakohoa kabla hakijapata moto au baada?"

Nikamwambia kabla, na kikishapata moto chatulia, na nadhani ni plagi ya tatu kwa sababu niliifungua nikaiona nyeusi kuliko zile nyingine. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema hakuna, nilifungua tu. Akainuka, akabadilisha plagi, kikohozi kikaisha. Kisha akanionyesha ukuta wa mbele, ule ambao mpaka leo umeandikwa kwa rangi ya buluu: GARI LA BAKARI HALIRUDI.

"Wayaona maandishi yale? Tangu nifungue yadi hii, hakuna gari lililorudi."

"Na hiki kipikapu?"

"Hiki hakikurudi. Kimekuja kusalimia. Kurudi ni kukataliwa." Akanywa kahawa yake. "Mdomo kama wako ni heri uwe upande wangu. Njoo kesho saa moja."

Nikaenda. Na tangu siku ile, mtu akimsema Fundi Bakari vibaya mimi nasikia kama nimetukaniwa mama. Mwaka wangu wa kwanza niligombana na watu wanne kwa ajili yake, na wawili kati yao kumbe walikuwa wanamsifu, ila mimi nilisikia vibaya.

Sasa sikizeni kazi. Ukubwa wa injini hupimwa kwa zile herufi mbili za Kizungu, cc, ambazo sisi sote twazitamka "sisi". Gari la sisi elfu moja, la sisi elfu mbili, la sisi elfu tatu. Silinda ni jambo jingine, zile ni idadi ya vyumba ndani ya injini, nne, sita au nane. Wateja huchanganya. Atakuja mtu na miwani yake kichwani aseme, "Nataka sisi nane." Wewe usimcheke. Mimi nilikuwa nikiwacheka, ndiyo maana nimestaafu na nyinyi mna kazi. Jina langu ni Mwanamisi, lakini kwa jinsi nilivyokuwa nikiwafokea wateja habari za sisi, yadi nzima ikaniita Mwanasisi.

Mimi sikusoma chuo chochote cha magari. Nilisoma vile vitabu vinavyokuja ndani ya gari, na vingi ni vya Kijapani, kwa hivyo nilisoma michoro. Kifaa changu cha kwanza kilikuwa bisibisi ndefu. Ncha unaiweka kwenye injini, mpini unauweka sikioni, unasikia kila silinda yasema nini. Usilifanye hilo ukiwa umevaa mtandio unaoning'inia. Mimi nilifanya mara moja, feni ikanipokonya mtandio, na mteja akakimbilia barabarani.

Kifaa cha Fundi Bakari kilikuwa kikombe. Kile kile cha kahawa, kidogo, kisicho na mkono, cheupe chenye mstari wa dhahabu. Huwasha injini, hufungua boneti, hukijaza kikombe kahawa na kukiweka juu ya injini. Kisha mteja huambiwa atazame. Injini ya silinda nne hata iwe nzima vipi, kahawa yatetemeka, yafanya viduara. Ya sita hutulia kama iko msikitini. Fundi hakuwa akisema neno. Mteja akiona viduara mwenyewe hupata la kuuliza.

Kikombe kile hakikuwahi kumdanganya mtu. Aliyekuwa akidanganya ni Muturi.

Muturi ni muuzaji wetu kutoka bara, mnamjua, yule wa viatu vyeupe. Si mtu mbaya, na mkimsema mtanikuta. Lakini kwake yeye injini ndogo ni matusi. Aliwahi kumuuzia bwana mmoja mwenye nyumba Galu gari la michezo la silinda nane, sisi elfu nne na mia tano, nguvu za farasi mia nne. Nilimwonya. "Muturi, yule bwana kutoka lango lake mpaka lami ni mchanga mtupu."

"Mwanasisi, wacha wivu. Jamaa ana form, pesa iko. Hiyo gari itapaa."

Siku ya tatu bwana yule akapiga simu. Gari limezama langoni, kila akikanyaga mafuta lachimba zaidi, sasa mlango haufunguki na yeye yumo ndani. Tulikwenda mimi na Fundi. Tukamkuta jirani keshaleta mkokoteni wake. Farasi mia nne wakavutwa na punda wawili, na mmoja wa wale punda alikuwa mgonjwa. Bwana akataka kulirudisha gari. Fundi Bakari akaukagua mchanga, akalitazama lango, akamwambia, "Gari ni zima. Kilicho mahali pabaya ni lango." Juma lile lile bwana akahamisha lango. Gari halikurudi.

Kwa hivyo mteja wa gari la michezo, mimi nilikuwa namweleza hivi. Kutoka Ukunda kushuka Diani kuna tuta, kuna kima anavuka, kuna tuta. Injini kubwa haikufikishi mapema, itakufikisha kwenye tuta na makelele. Injini kubwa ni nzito, na uzito wote uko puani, kwenye kona gari huwa lafikiria kwanza. Ndogo yaingia kona kama kisu kwenye papai. Lakini nisiseme uongo, barabara ya Msambweni ni ndefu na imenyooka, na huko silinda sita haichoki. Mia moja kwake ni usingizi. Nne utaisikia inafanya kazi. Basi swali si gari lina nguvu gani. Swali ni wewe wakwenda wapi, na wataka kusikia nini ukiwa njiani. Nilikuwa nikilisema hili kwa sauti kubwa, lakini lilikuwa kweli.

Bi Zuhura alikuja asubuhi moja, mama wa miaka sitini na kitu, buibui limepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nalo. Alikuwa dereva wa basi la shule huko Msambweni tangu mimi sijazaliwa, na alikuwa ameacha kazi mwezi ule.

"Shikamoo, Bi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nataka gari la viti viwili."

"La kubebea nini, Bi?"

"La kutobeba. Miaka yote hiyo nimeendesha watoto hamsini, wakitapika kwa zamu. Sasa nataka gari ambalo mtoto haingii."

Nilimpenda papo hapo. Tukamwonyesha picha ya gari la michezo kutoka Japani, jekundu, milango miwili, chini kama mkeka. Lilikuwa laletwa kwa namna mbili. Moja sisi elfu mbili, silinda nne. Jingine sisi elfu tatu, silinda sita. Muturi akaja mbio na viatu vyake. "Mathe, chukua sita. Hiyo nne ni ya kupeleka mayai sokoni."

"Na nikipeleka mayai kuna ubaya?" Bi Zuhura akamuuliza.

Fundi akaleta kikombe. Hatukuwa na gari lenyewe, tukatumia gari moja la saluni la silinda nne na gari kubwa la safari la silinda sita. Bi Zuhura akatazama viduara kwenye nne, akatazama utulivu wa sita. Mimi nikamvuta kando, nikampa hotuba yangu ya tuta na kima na kisu kwenye papai. Nikamwambia, "Bi, ningekuwa wewe ningechukua nne." Akanipigapiga bega. Akasema atakwenda kushauriana na dada zake, maana wanaishi nyumba moja na hakuna kiingiacho bila baraza.

Fundi Bakari naye akampa mkono. "Utakalosema ndilo nitakaloliagiza, kwa jina langu." Hili mlishike. Gari la viti viwili Kwale nzima lina mteja mmoja, naye ni huyo. Akilikataa, litabaki yadini mpaka kuku waanze kutaga ndani yake, na ule ukuta itabidi tuupake chokaa.

Siku mbili baadaye nikamwandikia ujumbe. Nanukuu simu yangu: "Shikamoo Bi. Mmechagua injini gani, ya nne au ya sita? Na siku ya kulichukua mtakuja wangapi, ili tuandae kahawa na halua?" Maana kwetu gari halitoki bila halua, nyinyi wapya msije mkaileta biskuti.

Jibu likaja: "Tumekubaliana alhamdulillahi. Sisi sita."

Niliingia ofisini nimefura. "Haya, kachukua sita. Hotuba yangu yote nimeipigia ukuta."

Muturi akafurahi. Fundi Bakari akaichukua simu, akasoma kwa kuisogeza mbali kisha karibu. "Mpigie umuulize."

"Nimuulize nini, Fundi? Kaandika sisi sita. Wateja wote husema hivyo, wachanganya sisi na silinda."

"Umemuuliza maswali mawili. Jibu ni moja."

"Fundi, mimi ni Mwanasisi. Miaka tisa nasoma sisi, leo nisijue kusoma sisi?" Damu ilikuwa imenipanda, na watu wa yadi nzima walikuwa wamesimama wananitazama, na mimi nikitazamwa huongeza. "Wallahi, gari hili likishatoka, likikanyaga tena ardhi ya yadi hii kabla ya mwaka, mimi nastaafu."

Fundi akanirudishia simu. "Umeapa vibaya," akasema. Akaagiza sita.

Gari lilikuja, jekundu kuliko picha. Siku ya kulichukua nikaweka mkeka, halua, birika la kahawa. Saa nne likaingia basi la manjano la shule, lile alilolizoea Bi Zuhura, usukanini yumo dereva mpya, na mlangoni wakashuka akina mama, mmoja baada ya mwingine, wote wamejifunga leso za namna moja. Bi Zuhura wa kwanza. Nyuma yake dada zake watano. Mdogo wao, Bi Mwanaidi, alikuwa amebeba mto wa kukalia.

Fundi akafungua boneti, akawasha, akaweka kikombe juu. Kahawa haikutikisika kabisa. Dada wote wakasema "mashaallah" kwa pamoja. Bi Zuhura akainama, akahesabu vichwa vya plagi kwa kidole, na alihesabu mara mbili.

"Mwanangu, mbona hizi ni sita?"

"Si ulisema sisi sita, Bi?"

"Naam. Sisi sita." Akawageukia dada zake, akawahesabu kwa kidole kile kile. "Mimi, Mwanaidi, Fatuma, Saumu, Mejumaa, Rukia. Si uliniuliza tutakuja wangapi?"

Nikatoa simu. Nikasoma. Nikasoma tena. Lugha yetu hii, wangekuwa wanne angeandika "sisi wanne" nami ningejua ni watu. Wangekuwa watano ningejua. Lakini sita ni sita, iwe ni watu, iwe ni silinda, iwe ni sahani.

"Na injini, Bi?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ya mjomba.

"Injini nilidhani haina hata haja ya kuandikwa. Si wewe ulinambia nne? Nilikusikiliza."

Hapo ndipo nilipoumia. Ningekosea na yeye kunipuuza ningevumilia. Lakini mama wa watu alinisikiliza, akanielewa, na mimi ndiye niliyeshindwa kumwelewa yeye. Muturi alikuwa ameshaingia nyuma ya basi kucheka. Fundi hakunitazama. Alizima injini, akaifunga boneti taratibu, akasema, "Bi Zuhura, neno nililokupa ni langu. Ukitaka nne, nitalipokea hili na kuagiza jingine."

Bi Zuhura akaufikiria ule ukuta wa buluu, nilimwona akiusoma. "Nitakaa nalo juma moja," akasema. "Likinishinda nitalileta."

Wakaondoka, yeye na Bi Mwanaidi na mto wake kwenye gari, wanne kwenye basi, wakipiga vigelegele madirishani. Mimi nikaanza kukusanya spana zangu. Fundi akaniuliza wakwenda wapi. Nikasema nakwenda kustaafu.

"Umeapa likija. Limekuja?"

"La."

"Basi shika kazi."

Juma lile sitalisahau. Gari jekundu lolote likipita barabarani nilijificha. Fundi Bakari naye hakuwa sawa. Alipekuapekua kila rafu, hakusema atafuta nini, na kahawa akawa anainywea kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Nikajua ni huzuni, na kwamba nimemvunja mzee wangu. Nikamfokea Muturi bila sababu, kisha nikamwomba radhi, kisha nikakumbuka sababu nikamfokea tena.

Siku ya saba nililisikia kabla sijaliona. Silinda sita, laini, yaja kutoka njia panda ya Diani. Likapunguza mwendo. Likaingia langoni. Magurudumu yote manne yakasimama katikati ya yadi, na Bi Zuhura akashuka, na Bi Mwanaidi akashuka na kitu kimefungwa ndani ya leso.

Sikumpa nafasi. "Bi, shikamoo. Bi, kosa ni langu, la Fundi halimo. Yeye alinambia nikupigie simu, mimi nikajifanya najua. Usimkatalie gari yeye. Ukutani pale ni jina lake, si langu. Nikatalie mimi, nitukane mimi, lakini gari lichukue, Bi, nakuomba, na ukitaka nitakuja Msambweni kila Jumamosi nilioshe kwa mikono yangu."

"Umemaliza, mwanangu?"

"Bado, napumzika."

Bi Mwanaidi akaifungua leso. Ndani mlikuwa na kikombe. Cheupe, chenye mstari wa dhahabu.

"Tulikuwa twaelekea Galu," akasema Bi Zuhura, "huyu akawa ashikilia yuwasikia kengele. Juma zima, kengele, kengele. Nikamwambia ni masikio yako. Leo tumefungua boneti, tumekikuta kimejibana kando ya betri. Juma zima, matuta yote ya Diani, na hakina hata ufa."

Fundi Bakari alikipokea kwa mikono miwili. Kumbe huzuni yote ile ilikuwa ni kikombe. Nilijisikia nafuu na nilijisikia mjinga, kwa pamoja.

"Na gari, Bi?" akauliza.

"Gari silitoi. Nilitaka nne, ni kweli, na huyu mtoto alisema kweli, kwenye kona lafikiria. Lakini nyumbani kila mmoja wetu keshachukua silinda yake. Ya kwanza yangu, ya mwisho ya Mwanaidi, ndiyo yenye makelele. Ningeleta la nne, ningewaambia nini hao wawili watakaokosa?"

Fundi akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Gari halikurudi," akatangaza. "Limekuja kusalimia."

Ukuta ukapona. Mimi nikapumua. Ndipo Muturi, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Lakini Mwanasisi hakusema likirudi. Alisema likikanyaga."

Watu wote wakayatazama magurudumu. Yalikuwa yamekanyaga.

Fundi Bakari alinivuta kando. "Kiapo cha hasira kina kafara yake. Funga siku tatu, uje kazini."

"Sikuapa ili nifunge, Fundi. Niliapa ili nistaafu."

"Wewe una kichwa kigumu."

"Ndicho ulichoniajiria."

Akanitazama sana. Kisha akanipa kile kikombe, akasema, "Basi staafu salama," akaenda zake kulikagua gari ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Hii ni wiki ya tatu ya kustaafu kwangu. Kila siku saa moja asubuhi nipo yadini, ila kama mgeni. Nakaa juu ya tairi, nanywa kahawa, na mteja akiniuliza habari za sisi namjibu kama raia wa kawaida. Fundi hawezi kunifukuza, mgeni hafukuzwi. Akitaka kumwonyesha mtu viduara, huja kuniazima kikombe, nami humpa baada ya maneno machache.

Jana Bi Zuhura kaniandikia. "Jumamosi twaenda Majoreni kula samaki. Sisi saba."

Zamani ningeshajibu. Jana niliiweka simu chini, nikamaliza kahawa, nikampigia.

"Bi, shikamoo. Saba ni watu au ni silinda?"

Nikawasikia dada zake wote watano nyuma yake wakicheka. "Ni watu, mwehu wewe," akasema. "Wa saba ni wewe. Uje na mto wako."